Mashine ya nywele za pua inavuta badala ya kukata: kosa ni la betri, kisu au mkono?

#1 Mtaa wa Pili
Wakuu salaam. Swali kwa wanaovijua hivi vimashine vya kunyolea nywele za pua na masikio. Hiki kina kichwa cha duara, kinatumia betri moja ya AA, bado kipya. Kukiwasha kinalia vizuri tu, ila kikifika kwenye nywele kinazing'ata na kuzivuta mpaka machozi yanatoka. Muuzaji anasema betri, jirani anasema bledi za bati. Ukweli uko wapi? Na kama ni kununua kingine, mtu akienda Kariakoo aangalie nini? Mods msiuunganishe huu uzi na ule wa mashine za saluni, hivyo ni vitu viwili tofauti.

#2 Kiti cha Mbele
Nimekaa paleee nasubiri wataalamu.

#3 Fundi Waya
Mkuu, anza na betri kabla hujakitupa. Itoe usome maandishi yake. Ikiandikwa R6, hiyo ni ya zinki na kaboni, zile za redio na saa ya ukutani. Ikiandikwa LR6 ni alkalaini. Zote ni AA na zote zinajitangaza volti 1.5, ila ukinzani wa ndani wa R6 ni mkubwa. Ukiipa mota, volti zinaporomoka, kasi inapungua, kisu kinashika unywele na kinakosa nguvu ya kuukata. Basi kinauburuta.

Usipime betri ikiwa peke yake, itakusomea 1.5 safi kabisa ukadanganyika. Pima mota ikiwa inazunguka: swichi imewashwa, ncha za mita kwenye ncha mbili za betri. Ikishuka chini ya 1.2 na kuendelea kushuka, hapo huna betri. Vimashine vyembamba vya AAA hesabu ni hiyo hiyo, maandishi yake ni R03 na LR03.

#4 Chuma Chakavu
Naongezea: asije akaweka betri za kuchaji. Zile ni volti 1.2 tu toka dukani, zitavuta zaidi ya hapo.

#5 Fundi Waya
#4 hapo umechemka mkuu. Ya kuchaji, ile iliyoandikwa HR6, inaanza karibu na 1.2 na inakaa hapo hapo mpaka karibu inaisha, na ukinzani wake wa ndani ni mdogo. Alkalaini inaanza 1.5 na kushuka kidogo kidogo kila dakika unayoitumia. Ikishatumika nusu, mashine yenye HR6 mara nyingi inazunguka vizuri kuliko yenye LR6. Ubaya wa HR6 ni kwamba ikikata inakata ghafla, na kwa kifaa kinachokaa kabatini wiki tatu, zile za aina ya zamani zinajimaliza chaji zenyewe.

#6 Kinyozi wa Kona
Fundi Waya ameeleza betri vizuri, ila kwangu betri ni mshukiwa wa tatu. Wa kwanza ni uchafu, wa pili ni nafasi kati ya bledi.

Kile kichwa cha duara kina vipande viwili. Cha nje hakizunguki, ni kifuniko chenye mianya juu na pembeni. Cha ndani ndicho kinachozunguka. Unywele unaingia kwenye mwanya, bledi ya ndani inapita na kuukata kwa kuubana kwenye ukingo wa mwanya. Kwa hiyo ni mkasi, si wembe. Mkasi uliolegea msumari wake wa kati unafanya nini? Unakunja kitambaa badala ya kukikata. Ndivyo ilivyo na hapa. Bledi ya ndani ikisukumwa nje hata kwa unene wa unywele mmoja, nywele zinalala kwenye nafasi hiyo na kuvutwa.

Kinachoisukuma ni vipande vya nywele vilivyochanganyika na kamasi kavu, na kwenye sikio ni ile nta. Vinakaa chini ya bledi, pale inaposhikana na mhimili. Ukitazama juu kichwa kinang'aa, ukikifungua unakuta gamba.

Kukifungua: zima, toa betri, shika kichwa uzungushe kinyume cha saa robo mzunguko, kitatoka. Bledi ya ndani ivute wima, usiipindishe. Piga brashi ndogo, mswaki wa zamani unatosha. Kisha kijiti cha pamba chenye spiriti ya asilimia 70, subiri ikauke. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mhimili, si kwenye bledi nzima, halafu washa sekunde kumi na ufute yanayotoka. Mafuta ya kula usiweke hata siku moja, yanaganda na kunata.

#7 Mtaa wa Pili
Ahsanteni. Betri ni R6 kweli. Nakitafutia LR6 na kukisafisha kwa pamoja.

#8 Kinyozi wa Kona
Usifanye vyote kwa pamoja mkuu, hutajua kilichotibu. Safisha kwanza, ujaribu na betri hiyo hiyo.

#9 Kiti cha Mbele
Yaani huu uzi umeshakuwa maabara.

#10 Sista wa Zamu
Mmeongea mashine tu, pua yenyewe hakuna aliyeigusa. Naongea kama mtu wa kitengo cha masikio, pua na koo.

Nywele zinazoonekana ziko kwenye ukumbi wa mbele wa tundu, takriban sentimita moja tu. Ndani zaidi hakuna nywele za kunyoa, kuna utando laini wenye silia, vinyweleo vidogo mno ambavyo huvioni bila hadubini. Kuingiza mashine nzima ni kutafuta damu bure. Nusu sentimita inatosha, na lengo ni kupunguza zile zinazochungulia nje, si kuacha upara.

Hatua: penga polepole, suuza, kausha. Kaa mbele ya kioo, tochi ya simu ielekee puani kutokea chini. Washa mashine ikiwa NJE ya pua. Ingiza taratibu, zungusha mkono kufuata ukuta wa nje, ule wa upande wa shavu. Ukuta wa kati usiukandamize, pale mbele mishipa midogo ya damu inakutana karibu kabisa na juu, na damu nyingi za pua zinatokea hapo hapo. Sekunde tano, toa, tazama, rudia kama bado. Itoe puani ndipo uzime. Ukizima ikiwa ndani, bledi inasimama na unywele ukiwa katikati, ukivuta mkono unaung'oa.

Nadhani nusu ya malalamiko ya "inavuta" yanatokana na hiyo hatua ya mwisho.

#11 Chuma Chakavu
Sista, na ikinasa kabisa? Imesimama yenyewe na nywele zimo.

#12 Sista wa Zamu
Usivute. Zima, shikilia mashine isicheze, zungusha kichwa kama unakifungua kwa mtindo wa #6. Kikitoka, kichwa kinabaki mkononi na nywele zinaachia mianya. Ikigoma, kata zilizonasa kwa mkasi wa ncha butu.

#13 Kaka wa Likoni
Mimi hapa nakupinga kidogo Sista kuhusu kusuuza. Nywele zikilowa zinashikana na kulala kwenye ngozi, haziingii kwenye mianya. Vitabu vingi vya maelekezo vinavyokuja na mashine vinasema zitumike kavu. Mtu anayenyoa mara tu baada ya kuoga, au mara tu baada ya kupandisha maji puani kwa ajili ya udhu, atavutwa hata awe na betri mpya.

#14 Sista wa Zamu
Ndiyo maana nikaandika "kausha". Kusuuza ni kwa ajili ya kulainisha uchafu mkavu usiende kwenye bledi. Baada ya hapo tishu, kisha dakika chache za kusubiri.

#15 Kaka wa Likoni
Dakika chache hazitoshi kwa hewa ya Pwani, kuna unyevu. Lakini sawa, tumeelewana.

#16 Pangaboi
Jamani nyie mnahangaika na vya kuzunguka wakati kuna vya kwenda na kurudi. Vile vina kichwa chembamba, bledi mbili zenye meno, moja inateleza juu ya nyingine kama mashine ya kinyozi iliyopunguzwa. Philips mfululizo wake wa NT upo kwa mtindo huo, na kuna kinga ya plastiki juu ya meno. Unywele mrefu unaingia ubavuni bila kulazimika kupenya mwanya, kwa hiyo hata wenye nywele nene haviwavuti.

Kwenye vya kuzunguka, Panasonic ER-GN30 inachukua AA moja, kichwa kinaoshwa kwa maji, na bledi yake ina makali pande mbili, inakata za juu na za pembeni.

Na kama mtu hataki betri kabisa, kuna Groom Mate Platinum XL, chuma kitupu kisichoshika kutu, unazungusha kwa vidole. Mota hakuna, betri hakuna.

#17 Kinyozi wa Kona
Cha kwenda na kurudi kinahitaji pua yenye nafasi. Tundu likiwa dogo meno hayageuki, unaishia kukata upande mmoja tu. Na kingo za pembeni zinaweza kuchuna ngozi kama kinga imetoka. Cha duara ni salama zaidi kwa anayeanza, kwa sababu ngozi haiingii kwenye mwanya ulio mwembamba.

#18 Pangaboi
Mwanya mwembamba huo huo ndio sababu ya mada. Nywele ndefu haziingii zikiwa zimesimama, zinaingia zikiwa zimekunjwa. Zikikunjwa zinashikwa mara mbili. Hapo hata betri ya gari haisaidii.

#19 Fundi Waya
Hahaa, betri ya gari. Ila hoja ya #18 ina uzito. Aliyekaa muda mrefu bila kunyoa apunguze kwanza kwa mkasi mdogo wa ncha za mviringo, ule wa dukani kwa nyusi na masharubu, halafu mashine imalizie.

Na kuna jambo halijatajwa: betri ikiwekwa kinyume. Kwenye vimashine rahisi visivyo na saketi ya kinga, mota inazunguka kinyumenyume. Italia kama kawaida, lakini kama bledi imenolewa upande mmoja, mgongo wa kisu ndio unaotangulia. Hapo inavuta tu, haikati hata kidogo. Angalia alama ya jumlisha ndani ya kifuniko.

#20 Mtaa wa Pili
Betri ilikuwa sawa upande wake. Nimesafisha, gamba lilikuwepo kama alivyosema Kinyozi. Tundu la kulia inakata, la kushoto bado inavuta, na betri ni ile ile R6.

#21 Kinyozi wa Kona
Nilisema uchafu.

#22 Fundi Waya
Nusu uchafu. Umeanza na la kulia, betri ikachoka ukifika kushoto. Iache dakika kumi ipumzike, kisha anza na kushoto. Ikikata vizuri, ni betri.

#23 Sista wa Zamu
Au ni mkono. Anayeshika kwa mkono wa kulia akienda tundu la kushoto anapinda kifundo, kichwa kinaegemea ukuta wa kati na kuingia kwa mshazari. Badilisha mkono, usibadilishe betri.

#24 Pangaboi
Au nywele za kushoto ni ndefu tu. Mmemsahau mwenye pua.

#25 Mama Kibatari
Wanaume mmejaa humu kama vile wanawake hatuna pua. Swali langu: wanaotumia kibano na kung'oa moja moja, ni kweli ni hatari au ni kutishana?

#26 Sista wa Zamu
Mama Kibatari, si kutishana. Ukiung'oa, shina linaacha kitundu wazi, na bakteria wa stafilokoka wanaishi puani kwa watu wengi bila shida yoyote mpaka wapate mlango. Kinatokea kijipu au ukumbi mzima wa pua unavimba. Eneo la kuanzia pembe za mdomo hadi juu ya pua, vena zake zinaungana na zile za nyuma ya jicho hadi ndani ya fuvu, kwa hiyo jipu la hapo halikamuliwi. Inatokea mara chache kufika ndani, lakini ikitokea ni dharura. Pua ikivimba na kuwa nyekundu, homa, kichwa kuuma na jicho kuvimba: hospitali siku hiyo hiyo.

Nta ya kung'olea ni yale yale ya kibano, tena kwa jumla. Na dawa za kupaka za kuondoa nywele zisiingie puani, zinaunguza utando.

Mama mjamzito aongeze uangalifu, mishipa ya pua inajaa zaidi na kutoa damu kirahisi. Vivyo hivyo anayetumia dawa zinazozuia damu kuganda, kama wafarini au aspirini. Ikitoka damu: kaa, inama mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 10 hadi 15 bila kuachia kuchungulia. Kichwa kisirudishwe nyuma, damu itaingia kooni.

#27 Chuma Chakavu
Sasa kama nywele za pua zinachuja vumbi, kwa nini tuzinyoe kabisa? Pale barabara ya vumbi ukinyoa si unavuta mchanga wote.

#28 Sista wa Zamu
Tafiti zipo pande mbili. Watafiti wa Uturuki mwaka 2011 waliangalia wagonjwa 233 wenye mafua ya mzio wa msimu, wakakuta wenye nywele chache puani walikuwa na pumu zaidi. Mwaka 2015 kikundi kingine, Marekani, kilipunguza nywele za watu 30 na kupima hewa: ilipita vizuri zaidi na wenyewe walijisikia wamezibuka. Wa kwanza hawakumnyoa mtu, walihesabu waliozaliwa nazo chache. Wa pili hawakufuatilia pumu. Kwa hiyo hazipingani moja kwa moja.

#29 Chuma Chakavu
Kwa lugha nyepesi: nyoa lakini usinyoe.

#30 Kaka wa Likoni
Kwa wanaochanganya saruji na wanaopiga randa, nywele za pua si kinga ya kutegemea, chembe ndogo zinapita tu. Barakoa ivaliwe, umenyoa hujanyoa.

#31 Kiti cha Mbele
Tuhamie masikio basi. Kuna wazee barazani wana vichaka.

#32 Kinyozi wa Kona
Rekodi ya Guinness ya nywele za masikio ni sentimita 18.1, Anthony Victor, mwalimu mkuu mstaafu wa Madurai, India, tangu 2007. Wazee wako bado wana safari.

Sikio: mashine haiingii kwenye njia ya sikio. Inapita kwenye kile kinundu cha mbele ya tundu, kwenye ukingo wa juu na kwenye bonde la nje. Vuta sikio juu na nyuma ngozi inyooke. Kichwa cha mteja kiiname upande huo huo unaonyolewa, vipande vidondoke nje. Vikiingia ndani vinawasha, na mtu akichukua kijiti cha pamba anavisukuma pamoja na nta kuelekea kwenye ngoma.

Na kwa saluni zetu: kichwa kimoja cha mashine ya pua hakitakiwi kuzungushwa kwa wateja kumi. Kuna kamasi na kuna mikwaruzo ya damu isiyoonekana, homa ya ini aina ya B inapita hapo. Kupuliza spiriti sekunde mbili si kusafisha. Gamba litoke kwanza, ndipo spiriti, na ibaki imelowa mpaka ikauke yenyewe. Bora mteja aje na kichwa chake.

#33 Kaka wa Likoni
Vinyozi wa Kituruki wanamaliza masikio kwa moto, pamba yenye spiriti kwenye kijiti cha chuma, wanaipigapiga haraka haraka. Nywele zinaungua, ngozi haipati muda wa kuungua.

#34 Mama Kibatari
Mtu asijaribu hiyo nyumbani na kiberiti, tafadhali.

#35 Pangaboi
Kurudi Kariakoo, maana #1 aliuliza. Fungua kichwa mbele ya muuzaji. Asipokuruhusu, ondoka. Bledi ya ndani iwe chuma chenye ukingo uliosagwa, si bati lililokunjwa. Izungushe kwa kidole: isicheze kushoto kulia. Kama wanasema ni ya kuoshwa, tafuta IPX7 kwenye boksi, maana yake inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. IPX4 ni matone tu, ukiipeleka bombani maji yanafika kwenye mota. Jina la kampuni likiwa kubwa na namba ya modeli haipo popote, rudisha. Na uliza kama kichwa cha akiba kinauzwa peke yake.

#36 Chuma Chakavu
Mimi springi ya pale inapokaa betri imeharibika, ina unga mweupe. Nimwagie magadi?

#37 Fundi Waya
Inategemea betri. LR6 ikivuja ni besi, magadi hayasaidii: tumia siki au ndimu kidogo kwenye kijiti cha pamba. R6 ikivuja ni asidi kidogo, hapo ndipo magadi yanafaa. Kisha futa kwa spiriti, kausha, kwangua springi kwa msasa laini mpaka ing'ae. Vaa glavu. Kifaa kikikaa mwezi bila kutumika, betri itoke.

#38 Mtaa wa Pili
Na bledi zikishakuwa butu zinanolewa? Kuna mtu kaniambia dawa ya mswaki.

#39 Kinyozi wa Kona
Hazinolewi kwa jiwe. Ukisaga ya ndani inafupika, nafasi inaongezeka, inavuta kuliko mwanzo. Badilisha kichwa.

#40 Pangaboi
Dawa ya mswaki inafanya kazi kidogo. Ile nyeupe ya kawaida, si ya jeli. Paka kidogo kati ya vipande viwili, washa nusu dakika, vinasagana vyenyewe na kukaa sawa. Osha yote kama kichwa kinaruhusu maji, kausha, tone la mafuta.

#41 Kinyozi wa Kona
Na chembe zinazobaki kwenye mhimili nani atazitoa?

#42 Pangaboi
Mhimili unatolewa kabla. Mimi nimesema kichwa peke yake, unazungusha kwa kidole kama mota inakutia wasiwasi.

#43 Fundi Waya
Kwa dakika mlizobishana hapa, LR6 ingeshawekwa.